Butembo-Beni: Je, vipuri vilivyobaki nyumbani vimchagulie motari pikipiki mpya?

Pikipiki ikichakaa, ikiibiwa au ikichomwa na waasi njiani, kuna kitu ambacho mara nyingi hubaki katika nyumba ya motari wa Butembo au Beni: katoni la vipuri. Mnyororo ambao haujafungwa bado, mipira ya ndani miwili, buji, disiki za klachi, chupa ya mafuta ya injini, pengine na pistoni. Vyote vilinunuliwa kidogo kidogo, kwa pesa ya jasho.

Siku motari anapopata tena uwezo, kwa likelemba, kwa mkopo wa koperative au kwa mauzo ya kakao, katoni hilo linaingia katika hesabu. Wengi wanarudia aina ileile ya pikipiki ili vipuri visipotee bure. Kwa mafundi wa garaji, hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini si wote. Na anayekosea hapa hakosei kidogo: pikipiki ndiyo chakula cha nyumba, karo ya watoto na deni la miezi mingi.

Kwa nini vipuri vinawekwa akiba

Motari wa eneo hili haweki vipuri kwa kupenda kuviangalia. Pikipiki na vipuri vyake, vingi vikitoka India na China, vinapita bandari ya Mombasa, vinavuka Kenya na Uganda, kisha vinaingia Kongo kwa mpaka wa Mpondwe na Kasindi. Kutoka Kasindi hadi Beni ni kilomita 80 hivi, na kutoka Beni hadi Butembo ni kilomita 54. Sehemu hizo mbili zimo katika mradi wa barabara ambao serikali ya Kongo ilikubaliana na Uganda, na kazi zake zilizinduliwa mwezi Desemba 2021.

Njia hiyo imeshuhudia mashambulizi ya waasi wa ADF, hata magari yakalazimika kusafiri kwa msafara chini ya ulinzi wa wanajeshi. Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwezi Januari 2025, mapigano yamevuruga pia biashara ya upande wa kusini, na mpaka wa Kasindi umezidi kuwa tegemeo la wafanyabiashara wa Butembo.

Njia ikifungwa siku chache tu, bei dukani inapanda. Ndiyo maana motari akipata mnyororo mzuri kwa bei nzuri ananunua, hata kama ule wa zamani bado unavuta. Tabia hiyo ni ya busara. Matatizo yanaanza pale akiba ya pikipiki ya jana inapoanza kuchagua pikipiki ya kesho.

Si kila kitu katika katoni kina thamani sawa

Kabla ya kusema katoni lina thamani ya dola kadhaa, linapaswa kumwagwa chini na kugawanywa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vile vinavyoweza kufuata pikipiki yoyote, mradi vipimo vikubaliane. Mafuta ya injini ya 20W-50 ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA, yanatumika kwa pikipiki nyingi za moto nne ambazo klachi yake inaogelea ndani ya mafuta. Mnyororo wenye namba 428 hupatikana kwenye pikipiki nyingi za kazi, ingawa hesabu ya vipingili inaweza kutofautiana. Mpira wa ndani haujali jina la kiwanda, unajali namba: 3.00-17 maana yake upana wa inchi 3 na rimu ya inchi 17. Ukiwa na mipira ya 17 na pikipiki mpya ina rimu ya 18, haitakusaidia.

Fungu la pili ni vile vya aina moja tu ya injini: disiki za klachi, kabureta, gasketi, pistoni na pete zake. Hapa ndipo wengi wanajidanganya, kwa sababu hata kurudia aina ileile hakuokoi kila kitu. Mfano mzuri ni pistoni. Injini ya zamani inapochongwa silinda, fundi anaweka pistoni kubwa zaidi, yenye alama ya 0.25 au 0.50. Pistoni iliyobaki ya 0.50 haiwezi kuingia katika injini mpya, hata kama ni ya kiwanda kilekile na jina lilelile. Injini mpya inatumia pistoni ya kipimo cha kawaida, na inaweza kufanya kazi miaka kabla ya kuhitaji kuchongwa.

Buji nazo zina mtego wake. D8TC, inayotumika kwenye injini nyingi za China zilizoigwa kutoka Honda CG125, ina nyuzi za milimita 12. A7TC ya pikipiki ndogo ina nyuzi za milimita 10. Kwa macho zinafanana, lakini moja haiingii mahali pa nyingine.

Fungu la tatu ni vile ambavyo vimekwisha kufa vikiwa ndani ya katoni. Mpira wa ndani uliokaa kwenye joto hupasuka karibu na vali. Betri iliyotiwa asidi na kuachwa bila kuchajiwa hupoteza nguvu. Mnyororo uliokwisha kutumika, hata ukisafishwa vizuri, ukifungwa kwenye pinyo mpya utakula meno yake kabla ya wakati.

Hesabu ya motari

Tuchukue mfano, kwa bei za kukadiria tu. Motari ana katoni alilolinunua kwa dola 90. Vitu vya dola 35 vinaweza kuhamia pikipiki yoyote. Vya dola 55 ni vya aina ya zamani. Hivyo vya dola 55 akiviuza kwa motari mwenzake kwa nusu bei, anapata dola 27 na nusu. Maana yake, akibadilisha aina ya pikipiki, hasara yake ya kweli si dola 90. Ni dola 27 na nusu.

Sasa kama pikipiki ya aina ya zamani inauzwa dola 150 zaidi ya nyingine inayofaa kazi yake vilevile, atakuwa amelipa 150 ili kuokoa 27 na nusu. Kama bei ni sawa na ubora ni sawa, hapo katoni lina haki ya kutoa sauti ya mwisho. Wachumi wanasema jambo hilohilo kwa njia yao: pesa iliyokwisha kutumika hairudi kwa uamuzi wowote utakaofanya leo, kinachohesabiwa ni kile ambacho bado unaweza kukipata au kukipoteza.

Sababu nzuri ya kurudia aina ileile

Hata hivyo, wamotari wanaorudia TVS baada ya TVS, au Boxer ya Bajaj baada ya Boxer, si lazima wawe wamekosea. Ila sababu yao ya kweli iko nje ya nyumba. Aina inayoonekana kila barabara ina vipuri katika duka nyingi, na fundi wa kijijini anaijua bila kuuliza. Kwa anayebeba kakao kutoka vijiji vya Beni, au anayefanya safari za Manguredjipa katika Lubero, jambo hilo lina uzito kuliko bei. Pikipiki ikigoma njiani karibu na magharibi ya jua, mahali ambapo waasi wamekwisha kushambulia, motari na mteja wake wanahatarisha maisha.

Hivyo swali la kwanza ni hili: kipuri hiki nikikihitaji mwaka ujao, Oicha, Kasindi au Lubero, nitakipata? Katoni linaonyesha tu kile kilichonunuliwa jana. Soko na garaji ndivyo vinavyoonyesha kitakachopatikana kesho.

Katoni ni la nani?

Jambo lingine huleta ugomvi. Wamotari wengi wanaendesha pikipiki ya mtu mwingine na kumpelekea hesabu ya kila siku au ya kila juma. Vipuri vingine vinanunuliwa na mwenye pikipiki, vingine vinatoka mfukoni mwa motari. Siku pikipiki inapouzwa au kupotea, kila mmoja anadai katoni. Daftari dogo lenye tarehe, bei na jina la aliyelipa linatosha kuzuia maneno hayo, na linasaidia pia kujua thamani halisi ya kilichobaki.

Kwa anayejiandaa kununua, mafundi wanashauri kufuata utaratibu huu: kwanza kazi na barabara ambayo pikipiki itaifanya, pili upatikanaji wa vipuri na fundi, tatu bei pamoja na karatasi zake zote za forodha na namba. Katoni linakuja la nne. Na kabla ya kwenda dukani, ni vizuri kuandika namba za mnyororo, mipira na buji zilizobaki na kuzilinganisha na zile za pikipiki inayouzwa. Visivyokubaliana vipelekwe sokoni mapema, wakati aina ya zamani bado inatembea kwa wingi na wanunuzi bado wapo.