Unga Hufika Mbuzi Wakishakufa

Mnamo Julai 2011, kampeni ya Kenyans for Kenya ilipoanza, wanafunzi wangu walileta shuleni unga, maharagwe na sarafu walizozikata katika nauli zao. Kampeni hiyo ililenga kuchanga shilingi milioni 500 kwa wiki nne, na lengo likapitwa. Sisi walimu tulivimba vichwa. Ndipo msichana mmoja wa kidato cha pili akaniuliza: "Mwalimu, na mbuzi wao watakula unga?" Darasa zima liliangua kicheko. Mimi sikucheka.

Ukame, ndugu msomaji, hauvamii ghafla kama mafuriko. Kwanza malisho hukauka. Mifugo hukonda, bei yake ikaporomoka sokoni, maziwa yakatoweka, na mwishowe mtoto akalala njaa. Aghalabu sisi wafadhili hushtuka katika hatua hii ya mwisho, picha zikishatutoa machozi. Kufikia hapo, karo, mahari na akiba ya mfugaji wa Turkana ni mifupa kando ya kisima. Unga humlisha leo, lakini hana atakachokamua kesho. Kadhalika mkulima wa Kitui aliyekwisha kula mbegu zake: mvua ikinyesha, atapanda nini?

Si kwamba njia hazijulikani. Bima ya mifugo iliyoanzia Marsabit mwaka wa 2010 hupima ukijani wa malisho kwa picha za setilaiti. Baadaye ilirekebishwa ili fidia ilipwe mapema, mfugaji anunue lishe wanyama wangali hai. Mpango wa fedha taslimu ulioanzia Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera nao uliwekewa utaratibu wa kuongeza familia ukame unapozidi. Hata hivyo, tangu mwishoni mwa 2020 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2 wakafa humu nchini. Onyo lilikuwapo. Kilichochelewa ni mkono.

Siku hizi shuleni kwetu sanduku la mchango hutolewa mara tu mvua za vuli zinapokosekana, nasi hununua nyasi kavu badala ya unga. Mzazi mmoja alinipigia simu kwa hasira, akitaka kujua ni tangu lini mwanawe akaombwa kuwalisha mbuzi wa watu. Nilimweleza, naye akakata simu. Kesho yake mtoto alikuja na shilingi hamsini.