Je, Wajua Pedeli ya Baiskeli Inaishinda Injini ya Bodaboda?

Je, wajua kwamba mtu wa kilo 60 akisimama kwa uzito wake wote juu ya pedeli ya baiskeli anaizungusha kwa nguvu inayofikia mara nane ya ile inayotoka kwenye injini ya bodaboda? Si mzaha, ni hesabu ya darasani. Kilo moja huelemea chini kwa kani ya nyutoni 10 hivi, kwa hiyo mtu huyo anaelemea kwa nyutoni 600. Pedeli iko sentimita 17 kutoka kwenye ekseli inayoizunguka. Zidisha 600 kwa mita 0.17, utapata nyutoni-mita 102. Injini ya kawaida ya pikipiki ya CC 150, hata ikiwa katika ubora wake wote, hutoa nyutoni-mita 12 au 13 tu.

Mbona basi bodaboda ndiyo inayompita mwenye baiskeli mlimani, tena ikiwa na abiria wawili na tenga la kuku?

Nguvu ya kuzungusha imeundwa na mambo mawili: ukubwa wa kani, na umbali kati ya pale kani inaposhika na mhimili. Umbali huo tuuite mkono. Mwelekeo nao unahesabika. Pedeli ikiwa imelala mbele, sambamba na ardhi, mguu unafaidi sentimita zote 17 za mkono. Ikifika chini kabisa, mkono umekwisha. Hapo hata apande mtu wa kilo 120, baiskeli haisogei hata hatua. Atakachoambulia ni kupinda pedeli ya watu. Ndiyo maana mwendesha baiskeli anayeanza safari huivuta kwanza pedeli moja ije juu kidogo, mbele, kabla ya kuikanyaga.

Nyutoni-mita hazituambii mwendo, na hapo ndipo bodaboda inapochukua ushindi. Miguu ya mtu huzungusha pedeli kama mara 60 kwa dakika. Injini ya pikipiki hufikia mizunguko 5,000 katika dakika hiyohiyo, zaidi ya mara 80 kwa sekunde moja. Ukizidisha nguvu ya kuzungusha kwa kasi ya mzunguko ndipo unapata kazi inayofanyika kila sekunde, ambayo hupimwa kwa wati. Hakuna anayesimama wima juu ya pedeli kutwa nzima. Mtu mzima mwenye afya akiendesha kwa saa kadhaa hutoa wati 75 hadi 100. Injini yenye nyutoni-mita 12 kwa mizunguko 5,000 hutoa wati zaidi ya 6,000.

Tuipandishe baiskeli mlima tuone. Chukua baiskeli nzito ya mizigo, ile isiyo na gia, yenye meno 44 mbele na 18 nyuma. Pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka karibu mara mbili na nusu. Kasi imeongezeka, na malipo yake ni kwamba nguvu ya kuzungusha imepungua kwa kiasi hichohicho: zile nyutoni-mita 102 zinafika nyuma zikiwa 42 hivi. Halafu gurudumu lenyewe lina mkono wa sentimita 35 kutoka ekseli hadi barabarani. Gawanya 42 kwa 0.35, unabaki na msukumo wa nyutoni 120. Mtu amekanyaga kwa nyutoni 600, barabara imepata 120. Baiskeli ya aina hiyo ni mashine ya kuuza nguvu na kununua mwendo, na kwenye tambarare biashara hiyo inalipa vizuri sana.

Sasa weka gunia la mahindi la kilo 100 nyuma. Pamoja na baiskeli ya kilo 20 na mwenyewe wa kilo 60, jumla ni kilo 180. Mlima unaopanda mita moja kwa kila mita kumi unadai nyutoni 180 ili mzigo huo usirudi nyuma. Barabara inapewa 120, tena pale tu pedeli inapokuwa mahali pazuri. Kwa hiyo mwenye gunia anashuka na kusukuma. Wapo wanaodhani amechoka. Kilichotokea ni kwamba meno ya cheni yamemkatalia, na akishuka mambo mawili yanamsaidia: uzito wake mwenyewe hauko tena juu ya baiskeli, na miguu yake inasukuma ardhi moja kwa moja bila kupitia kwenye meno yanayopunguza.

Bodaboda hufanya biashara ya kinyume. Ina mwendo mwingi kuliko inavyohitaji, kwa hiyo inauuza. Kwenye gia namba moja, meno ya ndani ya injini yakishirikiana na sproketi ya nyuma hupunguza mwendo kwa zaidi ya mara 20. Tuseme mara 25: nyutoni-mita 12 zinakuwa 300 kwenye gurudumu, na barabara inapata msukumo wa karibu nyutoni 1,000. Abiria wawili na kuku wanapanda. Dereva anayelazimisha gia namba tatu mlimani hana haki ya kulalamika pikipiki inapokohoa na kuzima.

Tofauti hii kati ya nguvu ya kuzungusha na mwendo inaonekana vizuri kuliko kwingine kote ukiweka lori karibu na gari la mashindano. Magari ya Formula 1 kati ya mwaka 2006 na 2013 yalitumia injini ya lita 2.4 yenye silinda nane. Ilitoa nguvu za farasi 700 na zaidi, ikizunguka mara 18,000 au zaidi kwa dakika. Lakini nguvu yake ya kuzungusha haikufika nyutoni-mita 300. Scania R420, lori ambalo limepita sana katika barabara zetu likivuta makontena, lina nguvu za farasi 420 tu, na linatoa nyutoni-mita 2,100 likiwa halijafika hata mizunguko 1,400. Ufungue injini hizo mbili uone. Pistoni ya lori husafiri sentimita 15.4 kutoka juu hadi chini, maana yake mkono wa krenki ni sentimita 7.7. Katika injini ile ya mashindano pistoni husafiri sentimita 4 hivi, mkono wake ni sentimita 2. Lori lina silinda kubwa zaidi na hewa inayosukumwa ndani kwa turbo, hilo ni kweli, lakini mkono mrefu ndio unaoanza kueleza kwa nini injini moja inanguruma taratibu na nyingine inalia kama nzi.

Utingo wa lori anaijua hesabu hii kwa vitendo. Nati za gurudumu la lori kubwa hukazwa kwa nyutoni-mita 600 hivi. Hakuna mkono wa mtu unaotoa hizo kwenye spana ya futi moja, ingebidi asukume kwa kani ya kilo 200. Kwa hiyo anachomeka bomba la chuma kwenye spana, anapata mkono wa mita moja, kisha anapanda juu yake kwa kilo zake 65. Tayari. Tatizo huja pale mtu mwenye bomba hilohilo anapokwenda kukaza nati za gari dogo, ambazo nyingi hutaka kama nyutoni-mita 100 tu. Bolti inavutika, inachoka, na siku moja inakatika ikiwa barabarani. Ninavyoona mimi, spana yenye kipimo ingestahili kuwa kwenye kila gereji, na haipo kwenye nyingi.

Kabla ya dizeli, pwani yetu ilikuwa na mtaalamu mwingine wa mkono mrefu: ngamia wa kinu cha mafuta ya ufuta. Zanzibar na Lamu vilikuwapo vinu vya namna hii, mnyama akizunguka akiwa amefungwa macho, akivuta mti unaosukuma mchi mzito ndani ya kinu. Tuseme ngamia avute kwa nyutoni 500, kazi anayoweza kuivumilia, na mti uwe na urefu wa mita mbili. Hizo ni nyutoni-mita 1,000, karibu nusu ya Scania. Kasi yake ni mizunguko michache kwa dakika, lakini ufuta hauna haraka.

Katika mwili wa binadamu mpango umegeuzwa. Kunja kiwiko, ushike ndoo ndogo ya kilo tano mkono ukiwa umelala. Ndoo iko sentimita 35 kutoka kwenye kiungo cha kiwiko. Msuli unaoibeba, ule unaotuna ukikunja mkono, umejishika kwenye mfupa sentimita 4 tu kutoka kwenye kiungo hicho. Ili kusawazisha nyutoni 50 za ndoo, msuli unavuta kwa nyutoni 440 hivi, kana kwamba unainua kilo 44. Fundi wa mashine angeona huu ni uzembe wa kuchora. Lakini msuli ukijikunja sentimita moja, kiganja kinasogea karibu sentimita tisa. Tumejengwa kama ile baiskeli ya meno 44: nguvu inauzwa, mwendo unanunuliwa, na ndiyo maana mtu anaweza kurusha jiwe, kupiga ngumi na kutwanga.

Mgongo ndio unaolipa gharama kubwa zaidi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wazee walisema, ila hawakutaja bei. Ukiinama kuokota ndoo ya kilo 20 huku umenyoosha mikono, ndoo ikiwa nusu mita mbele ya kiuno, inakuzungusha kwenda mbele kwa nyutoni-mita 100. Misuli ya mgongo inayopinga iko kama sentimita 5 tu nyuma ya uti. Itavuta kwa nyutoni 2,000, na pingili za uti wa mgongo zinabanwa kwa kiasi hicho, bado hujahesabu uzito wa kiwiliwili chenyewe. Vuta ndoo karibu na magoti, mkono ukipungua kuwa sentimita 25, mzigo huo wa misuli unakatika nusu.

Ukiitwika kichwani, mkono unakuwa sifuri. Uzito unashuka moja kwa moja kupitia shingo na uti hadi miguuni, hakuna kinachotaka kukuzungusha mbele wala nyuma. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya. Walitembea wakiwa na mizigo inayofikia asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nishati zaidi ya waliyotumia wakitembea mikono mitupu. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba siri yao iko pia katika mwendo wenyewe, namna mwili unavyopanda na kushuka kila hatua. Hilo halimaanishi kubeba maji kutwa si mateso. Linamaanisha wanaobeba wanajua wanachofanya.

Wanyama wengine huzunguka wenyewe. Mamba hana meno ya kukata nyama, ana ya kushikilia tu. Kwa hiyo akishauma mzoga mzito hukunja miguu yake ubavuni na kujiviringisha mzimamzima majini mpaka kipande kinyofoke. Mdogo kuliko wote wanaotumia mzunguko haonekani kwa macho. Mwaka 1973 Howard Berg na Robert Anderson walieleza kwamba bakteria huogelea kwa kuzungusha mikia yao kama rafadha, wakati wengi walidhani wanaichapa kama mijeledi. Kwenye shina la mkia huo kuna mota halisi yenye upana wa nanomita 45 hivi, yenye sehemu inayozunguka na sehemu iliyotulia, inayoweza kuzunguka zaidi ya mara 100 kwa sekunde. Nguvu yake ya kuzungusha ni kadiri ya sehemu moja ya milioni ya milioni ya milioni ya nyutoni-mita. Kimelea cha kipindupindu kina mkia mmoja wa aina hiyo, na mota yake huendeshwa na chembe za sodiamu, sodiamu ileile iliyomo katika chumvi. Mkia ukizunguka upande mmoja, mwili wa bakteria huzunguka upande wa pili. Helikopta nayo ingezunguka hivyohivyo kama isingewekewa rafadha ndogo mkiani.

Kutoka kwa bakteria twende kwa Mwezi. Mvuto wake huinua bahari, na wavuvi wanaopanga safari kwa bamvua na maji mafu wanaishi kwa kalenda hiyo. Lakini dunia inazunguka haraka kuliko Mwezi unavyoizunguka, kwa hiyo maji yaliyoinuka husukumwa mbele kidogo ya mstari wa Mwezi. Mwezi unayavuta nyuma, na kwa kuwa yako mbali na mhimili wa dunia, mvuto huo unakuwa breki. Siku yetu inarefuka kwa kiasi cha milisekunde mbili kwa kila karne. Mzunguko ambao dunia inaupoteza unakwenda kwa Mwezi, nao unasogea mbali nasi sentimita 3.8 kwa mwaka, kipimo kinachopatikana kwa kurusha mwanga wa leza kwenye vioo vilivyoachwa huko kuanzia safari ya Apollo 11 mwaka 1969. Ushahidi wa zamani zaidi umo ndani ya matumbawe, ambayo huongeza mstari mwembamba kila siku na mkanda mnene kila mwaka. Mwaka 1963 John Wells wa Marekani alihesabu mistari ya matumbawe yaliyogeuka mawe kwa zaidi ya miaka milioni 350, akakuta kama 400 katika mkanda wa mwaka mmoja. Mwaka wa wakati ule ulikuwa na siku 400 hivi, na kila siku ilikuwa na saa 22 kasoro kidogo.