Mawimbi ya Redio na Chimbuko la Joto katika Milipuko ya Jua

Uso wa Jua una joto linalokaribia nyuzi 5,500 za Selsiasi, lakini mlipuko unapotokea, gesi iliyo juu ya uso huo hufikia nyuzi milioni 10 au 20 katika dakika chache. Gesi ya namna hiyo huitwa plazima, kwa kuwa atomu zake zimepokonywa elektroni, na chembe zenye chaji hasi na chanya huenda pamoja zikiongozwa na uga wa sumaku. Uga huo ndio ghala la nishati: mistari yake iliyosokotwa juu ya madoa ya Jua hukatika na kuungana upya, ikaachilia ghafla kilicholimbikizwa kwa saa au siku nyingi. Namna nishati hiyo inavyogeuka joto ni swali gumu, na mawimbi ya redio ni miongoni mwa mashahidi wake bora.

Jua lilijulikana kuwa chanzo cha mawimbi hayo mwishoni mwa Februari 1942, wakati rada za jeshi la Uingereza zilipovurugwa na kelele iliyodhaniwa kuwa hila ya Wajerumani, hadi mwanafizikia J. S. Hey alipobaini kuwa kelele hiyo ilifuata mwendo wa Jua.

Plazima hutoa redio kwa njia zaidi ya moja. Elektroni inayopita karibu na ioni, yaani atomu iliyopokonywa elektroni, hupindishwa njia na kutoa wimbi. Utoaji huu hutokana na joto lenyewe, na plazima isipokuwa nzito mno, nguvu yake hukaribia kuwa sawa katika masafa mbalimbali. Elektroni zilizosukumwa hadi kukaribia kasi ya mwanga, kwa upande wake, huzunguka mistari ya sumaku na kutoa maikrowevu ambazo nguvu yake hupanda hadi kilele, mara nyingi kwenye gigahezi kadhaa, kisha hushuka. Umbo la spektra, yaani jinsi nguvu inavyobadilika kwa masafa, basi, hutenganisha joto na mwendo kasi.

Mwaka 1968 mtafiti Werner Neupert alionyesha uhusiano wa hayo mawili. Maikrowevu huruka juu na kushuka upesi, ilhali eksirei laini, zinazotoka katika plazima ya moto, hupanda polepole. Lakini nguvu ya maikrowevu ikijumlishwa tangu mwanzo wa mlipuko, jumla hiyo hufuata mchirizo wa eksirei, kama kina cha maji katika pipa kinavyofuata jumla ya yaliyomiminwa. Maelezo yanayokubalika ni kwamba elektroni za kasi hushuka na kugonga kromosfia, tabaka la chini lililo zito zaidi, likapata joto kali na kupanda kujaza matao ya sumaku.

Hata hivyo, ni kosa kuifanya kanuni hii kuwa sheria isiyo na kighairi, kwani katika baadhi ya milipuko plazima huonekana kuwa ya moto kabla ya dalili za elektroni hizo, jambo linaloashiria kwamba sehemu ya joto huzaliwa kwa njia nyingine.

Siku hizi maikrowevu hupima hata ghala lenyewe. Katika mlipuko mkubwa wa tarehe 10 Septemba 2017, antena za Owens Valley, California, zilipiga picha katika masafa mengi kwa pamoja, na kutokana na spektra hizo watafiti walikokotoa kwamba uga wa sumaku katika korona, angahewa ya nje ya Jua, ulikuwa ukidhoofika kwa takriban gausi 5 kila sekunde.