Mama Mjamzito, Punda na Mkokoteni: Nani Ashike Kamba?

Mwezi huu tumeomba nafasi ndefu kidogo, kwa sababu jambo hili lilianzia darasani kwetu na likatufikisha mpaka kwenye zizi la punda.

Mvulana mmoja wa Gredi ya 6 aliacha kuja shule. Wiki ya kwanza tulidhani ni mgonjwa. Wiki ya pili mmoja wetu akamwona pale wanapogawa rasheni, amesimama juu ya mkokoteni, kamba mkononi, magunia ya watu yamepangwa nyuma yake. Hakuwa mgonjwa hata kidogo. Alipotuona akainama kama mtu anayetafuta kitu mguuni.

Jioni tukaenda kwao. Punda ni wa mama yake, baba hayuko. Mama alikuwa na mimba ya miezi saba, na siku chache nyuma alikuwa ameanguka kutoka kwenye mkokoteni, gurudumu lilipoingia shimoni.

"Sasa walimu, mnataka nifanye nini?" akatuuliza. "Nikipanda mimi, mnasema mimba. Akipanda mtoto, mnasema shule. Na huyu punda naye lazima ale."

Siku hiyo hatukuwa na jibu. Tulikunywa chai yake tukarudi tumenyamaza. Lakini kuanzia hapo tukaanza kuulizauliza: manesi wa kliniki, wakunga wa bloku, wazee wenye mikokoteni, na akina mama ambao wamezaa huku wanafuga punda. Kumbe watu wanajua mengi, ila kila mmoja anajua kipande chake.

Tuanze na kuanguka, maana hapo ndipo watu wengi wanakosea. Mama yule alituambia hakwenda hospitali kwa sababu hakuumia. Alijikung'uta vumbi, akapanda tena, akamaliza safari mbili za maji. Nesi tuliyemuuliza alitikisa kichwa. Alisema katika miezi mitatu ya kwanza mfuko wa uzazi uko chini, umekingwa na mifupa ya nyonga. Baada ya hapo unapanda juu, na ukifika mwezi wa tano tayari uko usawa wa kitovu, hauna tena mfupa wa kuukinga mbele. Mama akianguka, au punda akimpiga teke la tumbo, kondo la nyuma linaweza kubanduka. Mama mwenyewe anaweza kuonekana mzima kabisa. Damu inaweza kutoka nje, lakini pia inaweza kujikusanya ndani isionekane.

Kwa hiyo mjamzito aliyeanguka au kupigwa tumboni aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama haumwi popote. Watamweka kwa saa kadhaa wasikilize moyo wa mtoto. Akiona damu, maji yakitoka, tumbo likiwa gumu kama ubao, maumivu yasiyoisha, au mtoto amepunguza kucheza, hapo asingoje hata chai ichemke. Yule mama wa kwetu alikubali kwenda siku iliyofuata. Mtoto alikuwa salama. Tulishukuru Mungu, lakini tusifanye bahati iwe desturi.

Kuhusu kupanda wenyewe, iwe ni mgongoni kwa punda au juu ya mkokoteni, ushauri tulioupata ni mmoja: mimba ikianza kuonekana, shuka. Mwili wa mjamzito unalegea viungo ili ujitayarishe kuzaa, na uzito wote unakuja mbele, basi hata mama aliyeendesha punda miaka 10 hajishikilii kama zamani. Wengine watasema bibi zao walipanda mpaka siku ya uchungu. Ni kweli wapo. Lakini wale walioanguka hatuwasikii wakisimulia.

Kushuka si kuacha punda. Hapa ndipo tulijifunza sana. Mama anaweza kumlisha, kumnywesha, kumkagua kwato na vidonda vya nira, mpaka mwezi wa mwisho kama ana nguvu. Anaweza kutembea kando yake kwenye njia nzuri, mtu mwingine akiwa ameshika kamba. Lakini asijifunge kamba mkononi wala kiunoni, maana punda akikurupuka atamburuta. Amkaribie kutoka upande wa bega, akimsemesha. Punda macho yake yako pembeni, na moja kwa moja nyuma yake haoni. Ukimtokea huko ghafla anajibu kwa teke kwanza. Na mjue punda si kama farasi. Farasi akiogopa anakimbia, punda mara nyingi anasimama kama jiwe. Watu wanaona ni ukaidi, wanampiga, na hapo ndipo anarusha miguu. Mjamzito asiwe karibu wakati punda anapigwa. Na kusema kweli, afadhali punda asipigwe.

Kubeba na kupakia ni kazi ya kuachia wengine. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji ni kilo 20. Mkokoteni wa mitungi 10 ni kilo 200 zilizoinuliwa mkono kwa mkono, kisha zikashushwa. Kunyunyizia dawa ya kupe pia afanye mtu mwingine. Kwenda kuni peke yake hatutaki hata kulijadili. Porini kuna hatari nyingine ambazo kila mama hapa anazijua.

Mzee mmoja wa Hagadera mwenye punda watatu alituambia neno ambalo hatujalisahau. Punda jike anabeba mimba karibu mwaka mzima, miezi 12 hivi. Mzee alisema akiona tumbo limeshuka, hamfungi tena mkokoteni. Anampa majani zaidi, anamwacha kivulini, na akishazaa hamrudishi kazini mpaka mtoto wake apate nguvu. "Ukimlazimisha unapoteza wawili," alisema. Mmoja wetu akamuuliza, je, mke wako alipokuwa mjamzito ulimpumzisha hivyo? Mzee akacheka. Halafu akaacha kucheka, akasema, "Mwalimu, hilo swali lako si zuri." Kisha akatuongezea chai.

Kinyesi, kitovu na sindano

Kiswahili chenyewe kinatuonya: ugonjwa ule unaitwa pepopunda. Vijidudu vyake vinakaa tumboni mwa punda, farasi na wanyama wengine bila kuwadhuru, vinatoka na kinyesi, na vinaishi kwenye udongo miaka mingi. Vinaingia mwilini kupitia kidonda. Kwa mtoto mchanga vinaingia kupitia kitovu kilichokatwa kwa kitu kichafu au kilichopakwa kitu kichafu. Mtoto anazaliwa mzima, ananyonya vizuri siku mbili, kisha kuanzia siku ya tatu hivi anashindwa kunyonya, mdomo unakaza, mwili unakuwa mgumu na kushtukashtuka. Akina mama wakubwa wanaujua ugonjwa huu. Wengine walizika kwa ajili yake.

Nyumba yenye punda ina kinyesi mlangoni kila siku, kwa hiyo mama wa nyumba hiyo asikose sindano. Ya kwanza anachomwa mara tu anapoanza kliniki. Ya pili baada ya wiki 4, na isipungue wiki 2 kabla ya kuzaa. Ya tatu baada ya miezi 6, ya nne baada ya mwaka, ya tano baada ya mwaka mwingine. Akimaliza tano, anakuwa na kinga kwa miaka yake yote ya kuzaa, na kinga hiyo mtoto anazaliwa nayo. Wengi wetu tulipoteza kadi njiani tulipokimbia. Mwambie nesi ukweli. Kuchomwa upya si madhara. Aibu ya kutokuwa na karatasi isimfanye mama abaki nyumbani.

Kitovu kikatwe kwa wembe mpya, kisha kisipakwe chochote ambacho mhudumu wa afya hakukitoa. Si majivu, si mafuta, si kinyesi cha mnyama yeyote. Tunajua maneno haya yanawaudhi baadhi ya bibi. Tunawaheshimu, na hatujayabadilisha.

Mawili zaidi kwa haraka. Maziwa ya mbuzi na ngamia yachemshwe, kwa sababu ya brusela, ambayo inaweza kuharibu mimba. Na mbuzi akizaa au akitupa mimba, mjamzito asishike yale maji na kondo kwa mikono mitupu. Pili, punda aking'atwa na mbwa kisha akabadilika, akaanza kung'ata watu na kutokwa mate, ni hatari ya kichaa cha mbwa. Aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji mengi, robo saa nzima, akimbilie sindano. Mjamzito naye achomwe. Sindano hiyo haimdhuru mtoto, lakini ugonjwa wenyewe hauna msamaha.

Uchungu ukianza usiku

Kuna siku mkokoteni wenyewe ndio gari la wagonjwa. Mvua za mwaka 2023 na 2024 zilipojaza njia zetu maji, magari yalikwama na kila mtu alimkumbuka punda. Kama hamna njia nyingine, tandikeni godoro au nguo nyingi chini, mama alale upande wa kushoto, mwanamke mmoja akae naye. Mtu atembee kwa miguu mbele akimshika punda. Asiachiwe kukimbia, hata kama mama analia. Msipakie na magunia ati kwa sababu safari ni moja. Zaidi ya yote ondokeni mapema, uchungu ukiwa bado mdogo.

Baada ya kuzaa tulifurahi kukuta kitu kimoja. Bibi zetu wanasema arobaini. Nesi anasema wiki 6. Hesabuni wenyewe: wiki 6 ni siku 42! Watu wawili wanaobishana kila siku kliniki, kwa hili wanatofautiana siku mbili tu. Katika muda huo damu bado inatoka, mfuko wa uzazi unarudi mahali pake, na misuli ya chini iliyobeba mtoto imechoka. Mitikisiko ya mkokoteni na kuinua mitungi inaweza kumletea mama uzito sehemu za chini, au mkojo kumtoka akikohoa. Nesi alitufundisha zoezi: kaza ile misuli unayozuia nayo mkojo, hesabu mpaka tano, legeza, mara 10, na urudie mara tatu kwa siku. Linafanyika hata ukiwa unanyonyesha, hakuna atakayejua. Aliyepasuliwa asiinue kitu kizito kuliko mtoto wake mpaka wiki 6 ziishe na kidonda kikaguliwe.

Akirudi kazini, arudi kidogo kidogo. Mtoto asifungwe mgongoni mama akiendesha, wala asilazwe juu ya mizigo. Mshtuko mmoja na yuko chini ya gurudumu. Abaki na mtu mzima, na mama afanye safari fupi ili arudi kunyonyesha, kwa kuwa miezi 6 ya kwanza mtoto anahitaji maziwa ya mama tu, hata maji hapana. Akirudi kutoka kwa punda anawe mikono kwa sabuni na avue ile nguo ya kazi kabla ya kumbeba mtoto.

Basi, na yule mama wetu? Mambo hayakwenda rahisi. Tulikaa naye, pamoja na kaka yake na jirani mmoja mzee. Kijana wa bloku, asiye na kazi, alikubali kuendesha asubuhi. Ubishi ulikuwa kwenye pesa. Kijana alitaka nusu, mama alisema nusu ni nyingi maana punda ni wake na majani ananunua yeye. Mwishowe wakakubaliana: kwanza inatolewa pesa ya majani, kinachobaki ndicho wanagawana nusu kwa nusu. Mapato ya nyumba yalipungua, hatutawadanganya. Kuna wiki walikula mara moja kwa siku, na jirani alileta unga.

Alizaa msichana, hospitalini, sindano mbili zikiwa zimeshaingia. Arobaini alikaa ndani. Sasa mtoto ana miezi mitatu, na mama anafanya safari mbili za karibu, asubuhi kabla jua halijakuwa kali. Mvulana amerudi darasani, na hesabu zake zimerudi naye.

Ila siku za rasheni nafasi yake bado iko wazi, kwa sababu siku hizo kijana mmoja hatoshi na pesa ndipo ilipo. Na si yeye peke yake. Tulihesabu watoto wanne katika darasa hilo hilo. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya swala ya adhuhuri, tutakaa na viongozi wa bloku chini ya ule mti wa lango la shule kuzungumza juu ya siku hizo. Wenye mikokoteni mnaombwa mfike, na akina mama wajawazito mkae mbele, tutaleta mikeka.