Sura ya Nne: Mwezi Usio na Mshahara

Machi 1955, Julius Nyerere aliacha ualimu katika shule ya Mtakatifu Francis, Pugu. Alikuwa na stashahada ya Makerere, shahada ya Edinburgh, familia changa, na chama cha TANU ambacho hakijatimiza hata mwaka. Wakubwa wa shule walimtaka achague kati ya darasa na siasa. Alichagua siasa, ambayo haikuwa na mshahara.

Hapo ndipo wasimulizi wengi hurukia Uhuru wa 1961. Mimi navutiwa zaidi na miezi iliyofuata: alirudi Musoma, akamfundisha padri wa shirika la Maryknoll lugha ya Kizanaki na kumfasiria maandishi ya dini. Hiyo haikuwa kazi aliyoiacha wala ile aliyoiendea. Ilikuwa kazi ya katikati, iliyotokana na lugha ya kwao na uzoefu wa kufundisha.

Wanaobadili kazi hupanga sana kule waendako na kusahau kipindi hiki. Sheria nayo haiwabebi. Katika ajira binafsi Tanzania, anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28. Kiinua mgongo cha kisheria, yaani mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10, ni cha anayeachishwa na mwajiri. Anayeacha kwa hiari yake kwa kawaida hakipati. Kodi ya nyumba na ada za watoto, bila shaka, hazisubiri.

Ndiyo maana walimu wanaotamani uwakili husoma Chuo Kikuu Huria huku wakiendelea kushika chaki. Njia ni ndefu, kwani baada ya shahada bado kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, lakini sehemu kubwa ya safari hutembewa mshahara ukiingia.

Fedha, hata hivyo, huhesabika. Kigumu kupangia bajeti ni heshima: kufika ofisini na miaka 40, ukaelekezwa jinsi ya kupanga mafaili na kijana anayekuamkia shikamoo kila asubuhi. Wengine hurudi nyuma hapa, si kwa njaa bali kwa aibu. Anayevumilia hugundua kwamba ujuzi wa zamani haukufa. Mteja asiyeelewa mkataba wake wa kiwanja anahitaji mtu wa kumfafanulia kifungu kwa kifungu, bila kumkaripia, na aliyefundisha darasa la nne amekwisha kufanya kazi hiyo miaka mingi.