FAILI LIMEKWENDA WAPI?
Maelezo kuhusu hifadhi ya nje katika simu za Android



Katika toleo hili tumeonelea ni vyema tuandike juu ya jambo ambalo limetusumbua sisi wenyewe katika darasa la kompyuta, nalo ni mahali ambapo programu ya simu huweka mafaili yake. Ukilisikia kwa mara ya kwanza utaliona ni jambo dogo. Sisi lilitugharimu darsa 38.

Mwaka 2019 wanafunzi wa darasa la juu tulitengeneza programu ndogo ya kurekodi darsa za baada ya Magharibi. Mtu anaiweka simu mbele ya maalimu, anabonyeza mara moja, na darsa ikimalizika rekodi inajihifadhi yenyewe kwa tarehe yake. Simu iliyotumika ilikuwa ya mmoja wetu. Baada ya miezi kadhaa simu ilijaa, programu ikaanza kukwama, naye akafanya kama wanavyofanya watu wengi: akaiondoa programu kisha akaiweka upya. Ikafunguka vizuri, nyepesi kabisa, na ndani yake hamna hata rekodi moja.

Tulimwambia asihuzunike. Sisi ndio tulioiandika programu ile, na tulikumbuka vyema kwamba tuliiamuru iweke mafaili katika "hifadhi ya nje". Kwa ufahamu wetu wa wakati ule, nje ni kwenye kadi. Basi tukaichomoa kadi, tukaipachika kwenye kompyuta, tukafungua folda moja baada ya nyingine. Kadi ilikuwa na picha za harusi tu. Maalimu mwenyewe mwaka uliofuata alihamia kwa wanawe, na kitabu kile hakijasomeshwa hapa tena hadi leo.

NINI MAANA YA "NJE"?

Ili tufahamu kosa letu lilikuwa wapi, yafaa turudi nyuma kidogo. Simu ya kwanza ya Android kuuzwa kwa watu, iliyojulikana kwa jina la T-Mobile G1, ilitoka mwaka 2008. Kumbukumbu yake ya ndani ilikuwa MB 256 tu, na humo humo mfumo wa simu wenyewe ulihitaji kukaa. Kwa hiyo simu ilikuwa na tundu la kadi, na mambo yakagawanywa: programu na siri zake zikae ndani, picha na nyimbo na rekodi zikae kwenye kadi. Wakati huo neno "nje" lilikuwa na maana yake kamili, kwani kadi uliweza kuichomoa na kuitia mfukoni.

Baadaye zikaja simu zenye kumbukumbu kubwa ya ndani, na watengenezaji wakachukua sehemu ya kumbukumbu hiyo hiyo wakaiita hifadhi ya nje. Galaxy Nexus ya mwaka 2011 haikuwa na tundu la kadi hata kidogo, na bado programu ikiuliza "hifadhi ya nje iko wapi?" ilijibiwa. Hata leo, katika simu ambayo haijawahi kuona kadi, utakuta njia inayoitwa /sdcard. Jina limebaki, kadi haipo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, neno "nje" katika Android lisikutie katika fikra za kadi. Maana yake ni nje ya chumba cha faragha cha programu. Na panaweza kuwa na "nje" zaidi ya moja katika simu moja: ya kwanza ni ile iliyojengwa ndani ya simu, ya pili ni kadi, kama ipo. Sisi tulipouliza tulipewa ile ya kwanza, na hatukujua.

KILA SIMU NA NJIA YAKE

Walioandika programu kabla yetu walipata taabu nyingine ambayo mabaki yake bado yamo katika mafunzo mengi ya zamani. Mtu alitaka kuandika kwenye kadi yenyewe, naye hakuwa na namna rasmi ya kuiulizia, basi akaiandika njia kwa mkono wake. Katika Galaxy S II ya mwaka 2011 kadi ilipatikana katika /mnt/sdcard/external_sd. Katika ndugu yake aliyefuata, Galaxy S III ya mwaka 2012, ikawa extSdCard. Simu nyingine ziliiita sdcard1. Na kuanzia Android 6.0 ya mwaka 2015 kadi huitwa kwa namba yake, mfano wa 1A2B-3C4D, na kila kadi ina ya kwake, kiasi kwamba ukibadilisha kadi katika simu ile ile, njia nayo inabadilika.

Kuandika njia kwa mkono ni sawa na kumwelekeza mgeni nyumbani kwako kwa kumwambia akate kona penye mbuzi aliyefungwa. Leo atafika. Kesho mbuzi amehamishwa.

Linalotakiwa ni kuiuliza simu. Tangu Android 4.4 ya mwaka 2013 kuna amri iitwayo getExternalFilesDirs, nayo inarejesha orodha: la kwanza katika orodha ni folda ya programu yako katika hifadhi kuu, na yanayofuata ni folda zako katika kadi au hifadhi nyingine zilizopo. Angalieni herufi "s" mwishoni mwa jina la amri hiyo. Bila ya "s" unapewa hifadhi kuu peke yake, na sisi "s" hatukuiandika. Hata hivyo, "s" ingelituonyesha kadi tu, isingeliziokoa rekodi, kama tutakavyoona mbele.

Kadhalika, jibu ulilopewa jana usilitegemee leo. Kadi inaweza kuchomolewa darsa ikiendelea, na nafasi moja katika orodha ile inaweza kuja tupu kwa sababu kadi haipatikani kwa wakati huo. Katika simu za zamani palikuwa na jambo jingine: ukiiunganisha simu na kompyuta kwa waya wa USB, kadi yote hukabidhiwa kompyuta, na programu za simu zikawa haziioni mpaka uchomoe waya. Basi kabla ya kuandika, uliza: hifadhi ipo? Inaandikika, au inasomeka tu? Nafasi inatosha? Rekodi ya sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde huchukua karibu MB 29 kwa saa, na hesabu hiyo ni bora ifanywe kabla maalimu hajafungua kitabu.

FAILI NI LA NANI?

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Tulikuwa tukijiuliza faili liko wapi, na hatukujiuliza faili ni la nani.

Tuchukue mfano wa madrasa. Mwanafunzi ana mkoba wake, na hakuna mwingine autiaye mkono. Hiyo ni hifadhi ya ndani ya programu. Pia amepewa rafu yenye jina lake ukutani. Ni kubwa kuliko mkoba, lakini siku anayohama madrasa rafu inasafishwa apewe mwingine. Hiyo ni folda ya programu katika hifadhi ya nje, ile inayokaa chini ya Android/data. Mwisho kuna kabati la vitabu vya wote: anayeweka kitabu humo amekiweka kwa ajili ya madrasa, na akihama kitabu kinabaki. Hizo ni folda za pamoja, kama za picha, muziki na vilivyopakuliwa.

Sisi tuliziweka darsa za maalimu kwenye rafu ya mwanafunzi. Programu ilipoondolewa, simu ilifanya kama ilivyoagizwa, ikaisafisha rafu. Na lau tungeliandika "s" ile na kuziweka kwenye kadi, zingelifutika vile vile, kwani folda ya programu iliyo ndani ya kadi nayo ni rafu.

Hatusemi kuwa rafu ni mbaya. Inafaa sana kwa vitu ambavyo ni vya programu yenyewe: picha zilizopakuliwa ili zifunguke haraka, kazi iliyofikia nusu, na mfano wa hayo. Tena tangu Android 4.4 huhitaji kuomba ruhusa yoyote kuitumia. Ubaya ni kuweka humo amana ya mtu.

Na kwa nini kabati la wote lisiachwe wazi kwa kila programu, kama zamani? Sababu ni kwamba kadi nyingi hupangwa kwa utaratibu wa FAT32, nao hauweki kumbukumbu ya mwenye faili. Kwa miaka mingi programu ya tochi iliyopewa ruhusa ya kuandika kwenye hifadhi ya nje iliweza kusoma picha zako zote. Ndipo milango ikaanza kufungwa mmoja mmoja. Android 4.4 ilizuia programu kuandika popote kwenye kadi isipokuwa katika folda yake. Android 6.0 ikataka mtumiaji aulizwe ana kwa ana, programu ikiwa inatumika. Android 10 ya mwaka 2019 ikaleta utaratibu wa kila programu kuona vyake, na Android 11 ya mwaka 2020 ikaulazimisha kwa programu zilizoandikwa kwa ajili ya toleo hilo na yanayofuata. Android 13 ya mwaka 2022 ikagawa ruhusa ya kusoma mafungu matatu: picha, video na sauti.

Watengeneza programu wengi walilalamika, nasi tulikuwa miongoni mwao. Leo tunaona walinzi walikuwa na haki zaidi kuliko sisi, ingawa wangeweza kutuonea huruma kwa kutobadilisha kufuli kila mwaka.

NAMNA TULIVYOIANDIKA UPYA

Katika toleo jipya rekodi inaandikwa kwanza kwenye rafu ya programu wakati darsa inaendelea, kwa sababu hapo hapana ruhusa ya kusubiri. Darsa ikimalizika, nakala inapelekwa katika folda ya muziki ya wote kupitia MediaStore, ambayo ni mithili ya karani wa kabati. Kuanzia Android 10 karani huyo haombi ruhusa kwa kitu unachokileta mwenyewe. Kwa simu zenye toleo la nyuma ya hapo tunaomba ruhusa ya kuandika, na maandishi yake tumeyatenga mbali ili yasichanganyike.

Kuna jambo moja lilitushtua wakati wa majaribio. Tuliiondoa programu, tukairejesha, tukatazama: rekodi zimo katika folda ya muziki, na programu nyingine ya kusikilizia inazicheza, lakini programu yetu wenyewe haizioni. Kumbe ikiondolewa na kurudi, karani anaihesabu kuwa ni mgeni mpya, na mgeni ni lazima aombe ruhusa ya kusoma sauti za wengine. Rekodi hazikupotea. Basi tumeongeza ombi hilo la ruhusa pamoja na sentensi moja ya kumweleza mtumiaji sababu yake.

Kwa anayetaka rekodi ziende kwenye kadi, tumetumia dirisha la mfumo ambalo mtumiaji mwenyewe huchagua folda, na simu huipa programu ufunguo wa folda hiyo tu. Ufunguo huo usipouhifadhi rasmi, simu ikizimwa na kuwashwa huwa umekufa. Tulijua hilo baada ya siku mbili za kuumwa na kichwa.

La mwisho ni jina la faili, na hili ni dogo lakini liliangusha programu katika simu moja tu, zile nyingine zikawa salama. Tulikuwa tukiita rekodi kwa tarehe na saa, mfano "darsa 18:45". Utaratibu wa FAT32 haukubali nukta mbili katika jina, wala alama ya kuuliza, wala nyota. Kwenye kumbukumbu ya ndani ya programu jina lile lilipita, kwenye kadi likakataliwa. Sasa tunaandika 18-45. Anayerekodi video akumbuke pia kwamba FAT32 haipokei faili moja la kufikia GB 4.

Programu mpya tumeijaribu katika simu nne tofauti: mbili za zamani zenye kadi, moja ya zamani isiyo na kadi, na moja mpya. Katika kila moja tumechomoa kadi katikati ya kurekodi pale ilipokuwepo, tumeijaza hifadhi makusudi, na tumeiondoa programu na kuirejesha.

Wanafunzi ambao bado wana toleo la mwanzo, lile lenye alama ya kijani, tunawaomba wasiliondoe, hata kama simu imejaa. Futeni kitu kingine kwanza. Leteni simu katika chumba cha kompyuta siku ya Jumamosi baada ya Alasiri, tuziweke rekodi zenu kwenye kabati la wote, kisha programu iondolewe kwa salama. Na kama kuna yeyote aliyewahi kutumiwa na mwenzake hata darsa moja katika zile 38, tafadhali aje nayo. Mpaka tunaandika haya tumezipata tatu.