Je, Wajua? Tangazo Lisilobofywa Halilipiwi

Je, wajua kuwa ukichagua kulipia mbofyo, tangazo lako kwenye Google linaweza kuonwa na watu elfu moja bila wewe kudaiwa hata senti? Unalipa pale tu mtu anapolibofya.

• Mtu akitafuta “makochi Keko”, mnada wa nafasi za matangazo hufanyika papo hapo, kabla majibu hayajatokea. Mwenye dau kubwa si lazima ashinde. Tangazo linaloendana na kilichotafutwa laweza kumpiku kwa dau dogo.

• Fundi samani wa Keko, Temeke, anaweza kuchora duara la kilomita 5 kwenye ramani ili tangazo lake lilenge walio ndani yake. Chang’ombe na Kurasini zimo. Tegeta, kule Kinondoni, haimo.

• Anaweza pia kupiga neno marufuku. Akilizuia “mitumba”, anayetafuta “makochi ya mitumba” haonyeshwi tangazo, na bajeti haiguswi.

• Mnada wa matangazo ya kulipia mbofyo haukuanzia Google. Bill Gross wa GoTo.com, tovuti ya utafutaji ya Marekani, aliuanzisha mwaka 1998. Google ikaufuata mwaka 2002. Dau la chini la GoTo lilikuwa senti moja ya dola.